Mama wa Mila Nyingine Kliniki: Mwongozo Kamili wa Kuandaa Naye Mpango wa Kujifungua

Kila ninapokaa na wakunga na wauguzi wa vituo vyenye kina mama wa makabila mchanganyiko, lalamiko huwa lile lile: "Dada, tuliwauliza kuhusu mila, wakasema hawana." Ikifika wiki ya 38 mama haonekani tena, mnasikia kajifungulia nyumbani. Au anafika usiku wa manane uchungu umemkaba kuliko kawaida, mama mkwe kashika chupa ndani ya kanga, na hakuna anayesema ndani ya chupa kuna nini.

Kosa liko kwenye swali. "Una mila yoyote inayohusu uzazi?" ni swali ambalo hata mimi nisingelijibu. Mtu hajui kwamba ana mila. Anajua jinsi watu wanavyozaa kwao, basi. Na akijua, anajua pia kwamba nesi akisema "mila" mara nyingi anamaanisha "ushamba".

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Wengi wanaoshindwa huwa wameruka hatua ya 1 hadi ya 3, wakaanza moja kwa moja kukataza.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Muda. Dakika 20 kwa kila mama. Najua foleni ilivyo, kwa hiyo zigawe. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama aonane na mhudumu angalau mara 8, ya kwanza kabla ya wiki 12. Ukitumia dakika 3 kila mara, umezipata zote na chenji juu.

Pahali penye pazia. Hata kanga iliyotundikwa kwenye kamba inatosha.

Mkalimani mwanamke mtu mzima. Asiwe mume, asiwe mtoto wa mama, na ikiwezekana asiwe wifi. Sababu utaiona hatua ya 3.

Daftari la mila la kituo. Daftari la kawaida la kurasa 96, lisilo na jina la mama hata mmoja. Ndani mnaandika mnachosikia: chakula gani, dawa gani, siku ngapi, nani anaamua.

Kadi ya kliniki (RCH-4) na karatasi moja nyeupe ya kuandikia mpango.

Utepe wa kupimia tumbo, mkeka safi, kanga mbili. Mkeka ni wa hatua ya 7.

Namba 115 ya usafiri wa dharura wa m-mama, iandikwe kwa tarakimu kubwa. Asiyesoma Kiswahili anasoma namba.

## Hatua ya 1: Andika mila za kituo chako

Kabla ya kuchunguza mila za kina mama, kaa na wenzako wa zamu mwandike za kwenu. Mama kulala chali kitandani wakati wa kusukuma. Kukatazwa uji tangu uchungu uanze. Kuingia peke yake, ndugu wabaki nje ya geti. Kusukuma kwa kupigiwa kelele.

Halafu jiulizeni: ipi ina sababu ya kitabibu, na ipi tumeirithi tu? Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya 2018 kuhusu huduma wakati wa uchungu yanasema mama asiye na hatari ale na anywe, atembee, achague mkao wake, na awe na msindikizaji anayemtaka. Yaani karibu yote hayo tuliyoyaorodhesha ni mila za hospitali.

*Umefaulu ukiona:* wenzako wanacheka, halafu wananyamaza. Orodha ikitoka tupu, rudieni.

## Hatua ya 2: Salimia, kisha ujue nani anaamua

Mmaasai mwanamke ukimwambia "Takwenya", atakujibu "Iko" kabla hajawaza. Msukuma mwambie "Mwangaluka, mayu" asubuhi. Bibi wa Pangani mpe shikamoo yake, usimwite "mama" ukapita. Neno moja tu, lakini linamwambia kwamba hajaja kufokewa.

Kisha angalia aliyekuja naye. Yule mama mtu mzima aliyekaa kwenye benchi la nje, mkoba mapajani, hajaja kusindikiza tu. Huenda ndiye atakayesema "twende hospitali" au "tusubiri kidogo" saa nane usiku. Uliza waziwazi: "Uchungu ukianza usiku, nani atasema sasa tuondoke? Na nauli iko kwa nani?"

Watu hao wawili mara nyingi ni tofauti. Mama mkwe ndiye anayetambua uchungu, mume ndiye mwenye hela, na kama mume yuko machungani na ng'ombe siku tatu mbele, mpango wako wote umekufa hapo.

Angalizo la lugha. Pwani "mzazi" ni mwanamke aliyetoka kujifungua. Bara ni baba au mama yeyote mwenye mtoto. Nimeona nesi akiita "wazazi waje dirishani" na nusu ya ukumbi ikainuka. Mama wa Kivu, mashariki ya Kongo, atakuambia anataka "kuzala"; usimsahihishe, mwelewe.

Onyo. Usiite "wajawazito wote pita huku" kwa sauti ukumbini. Sehemu nyingi mimba changa hufichwa kwa kuogopa hasidi na jicho, na hiyo ni sababu mojawapo ya kina mama kuja kliniki mimba ikiwa imeshaonekana. Mwite kwa namba ya kadi.

*Umefaulu ukiona:* una majina mawili kwenye karatasi, la mwamuzi na la mwenye nauli, na mmojawapo umeshaongea naye.

## Hatua ya 3: Uliza kwa kisa

Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Funga dodoso. Mwambie akusimulie.

Maswali yanayofungua mdomo ni haya:

- "Dada yako alipojifungua, alianza kufanyiwa nini?"
- "Kwenu mjamzito akila nini, wakubwa wanamkanya?"
- "Uchungu ukichelewa, bibi zako husema sababu ni nini?"
- "Kitovu cha mtoto hupakwa nini?"
- "Mtoto akitoka tu, cha kwanza mdomoni ni nini?"
- "Hospitali kuna kitu gani hukipendi?"

Ukiuliza juu ya dada yake, hajishitaki. Baada ya visa viwili atasema mwenyewe "hata mimi".

### Namna ya kuhesabu watoto bila kuhesabu

Kadi inataka idadi: mimba ngapi, waliozaliwa wangapi, walio hai wangapi. Kwa wafugaji wengi, Wamaasai wakiwemo, kuhesabu watoto kama mbuzi ni kuwaitia balaa, na kutaja aliyekufa ni kufukua kaburi. Ukilazimisha unapewa namba ya kukuridhisha. Matokeo yake mama wa mimba ya saba anaandikwa ya nne, na hakuna anayejiandaa kwa kutokwa damu nyingi, wakati waliozaa mara 5 na zaidi wana hatari hiyo kuliko wengine.

Fanya hivi: "Mkubwa anaitwa nani? Anayemfuata?" Andika majina, yeye ataje. Ukiona pengo la miaka mitano kati ya wawili, uliza polepole: "Hapa katikati ulipumzika, au kuna aliyepita?" Namba utajumlisha mwenyewe akishatoka.

### Sababu ya kumkataa mkalimani ndugu

Kwa jamii nyingi za Afrika Mashariki uchungu ukichelewa mama hushukiwa kuwa alitoka nje ya ndoa, na huambiwa ataje mwanamume ndipo mtoto atoke. Mama anayejua hilo hatasema mbele ya wifi yake kwamba uzazi uliopita ulichukua siku mbili. Nawe ulikuwa unahitaji habari hiyo kuliko zote, kwa sababu uchungu wa siku mbili unaweza kuwa nyonga haimpitishi mtoto.

Ukeketaji nao uulize mkiwa wawili tu, bila kukunja uso, hasa kwa mama wa Manyara, Arusha, Dodoma, Mara, Singida, na kwa Msomali. "Uliwahi kukatwa ukiwa msichana? Ulishonwa?" Aliyeshonwa anahitaji kufunguliwa na mtaalamu kabla au wakati wa kujifungua, na hilo lisigunduliwe kichwa cha mtoto kikiwa kimeshatokeza.

*Umefaulu ukiona:* daftari limepata jambo ambalo hukulijua jana.

## Hatua ya 4: Panga uliyosikia katika vikapu vitatu

Muuguzi wa Marekani Madeleine Leininger, aliyeanzisha somo la uuguzi wa tamaduni mbalimbali, aligawa kazi hii mara tatu: kuhifadhi, kurekebisha na kubadilisha. Mimi naita vikapu.

Kikapu cha kwanza, yaache na uyasifu. Mtori wa Wachaga kwa aliyejifungua: ndizi na nyama, nani atakataza? Uji wa pilipili manga wa Pwani. Mzazi kupumzishwa siku arobaini asichote maji wala kukata kuni. Adhana kwenye sikio la mtoto. Kuchuchumaa au kupiga magoti wakati wa kusukuma.

Kikapu cha pili, yarekebishe. Kukanda kwa maji ya moto. Kufunga tumbo kwa kanga. Tahniki (tende mdomoni mwa kichanga). Kupewa kondo la nyuma wakalizike.

Kikapu cha tatu, lazima yabadilike. Dawa za kienyeji za kuongeza uchungu. Kupunguza chakula mimba ikikua. Kumwaga dang'a, maziwa ya kwanza ya mama. Majivu, kinyesi cha ng'ombe au mate kwenye kitovu. Asali kwa mtoto mchanga. Kumpeleka mwenye kifafa cha mimba kwa mganga kwanza.

Onyo. Kabila siyo kikapu. Mchaga aliyezaliwa Ubungo huenda hajawahi kuuona mtori ukipikwa. Unamuuliza aliye mbele yako, hujibu kwa niaba ya babu zake.

Kikapu cha tatu kikijaa kuliko vile viwili vingine, rudi hatua ya 1. Kwa mama wengi nilioandaa nao mpango, cha tatu hakizidi mambo mawili au matatu. Hayo ndiyo ya kutumia nguvu zako. Mengine yote ukiyaachia, utasikilizwa kwa haya.

## Hatua ya 5: Jadili kikapu cha tatu, jambo moja moja

Kanuni yangu: tafuta kwanza hofu iliyo nyuma ya mila, kisha uipe hofu hiyo dawa nyingine. Ukiondoa mila ukaiacha hofu, mila inarudi kupitia dirishani.

### Kupunguza chakula

Wamaasai wengi humpunguzia mjamzito chakula miezi ya mwisho ili mtoto asiwe mkubwa. Nilipoanza kazi niliwahi kumfokea mama mmoja kwa jambo hili mbele ya watu. Aliinamisha kichwa, akasema "ndiyo nesi", na sikumwona tena. Siku hizi nafikiri hivi: kama chumba cha upasuaji kiko kilomita 60 na njia ni ya vumbi, kuogopa mtoto mkubwa ni akili timamu kabisa.

Kwa hiyo usianze na chakula. Pima tumbo kwa utepe mbele ya mama na mama mkwe, uwaonyeshe mtoto anavyokwenda na wiki zake. Kisha hamia kwenye damu: "Bibi, mwanamke akizaa anamwaga damu. Aliyeingia na damu kidogo anabaki na nini?" Damu wanaielewa vizuri. Maziwa, nyama, maini na vidonge vya kuongeza damu vinakuwa chakula cha damu ya mama, wala si cha kumnenepesha mtoto. Mwambie pia asimeze vidonge na chai, kwa maana chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini.

Vivyo hivyo kwa udongo wa kula. Mama anayemaliza pakiti kwa siku mpime damu kabla ya kumhubiria. Mara nyingi utakuta imepungua.

### Dawa ya kuongeza uchungu

Dawa hizi ziko kila pembe. Waganda wana emumbwa, udongo uliofinyangwa na mitishamba, na kila kijiji kina majani yake. Baadhi yake hukaza kizazi kwelikweli. Shida ni kwamba kipimo chake hakijulikani, na ukimwekea mama dripu ya kuongeza uchungu juu yake, kizazi kinaweza kupasuka na mtoto akakosa hewa.

Ukisema "ukinywa nitakufukuza", umemfundisha kuficha. Sema hivi: "Mimi ningependa usinywe. Lakini ukinywa, niambie saa ngapi na kiasi gani. Sitakasirika. Nikijua, najua dawa ipi nisikuwekee." Ahadi hiyo itimizwe na zamu zote, la sivyo usiitoe.

Usiku mmoja bibi alinipa chupa ya soda yenye maji ya kahawia, nusu imekwisha, akanong'ona, "Kanywa vikombe viwili, saa mbili." Tulikuwa tumeshaandaa dripu. Tukaiweka kando, tukawa tunasikiliza mapigo ya mtoto kila mara. Alizaliwa akalia. Bibi yule tulikuwa tumeongea naye wiki ya 34, kwenye benchi la nje.

Mbadala wa hofu ya kukosa nguvu: chai ya sukari, uji, kutembea, kubadilisha mkao.

### Kitovu

Mwongozo wa jumla ni kitovu kikavu na kisafi, kisipakwe kitu, isipokuwa dawa ya klorheksidini pale inapotolewa na kituo. Majivu na kinyesi huleta pepopunda na sumu kwenye damu.

Lakini sikiliza hili. Sehemu nyingi za Tanzania inaaminika kitovu kikidondoka kikamgusa mtoto wa kiume sehemu za siri, hatakuwa na nguvu za kiume. Ndiyo maana bibi anataka kikauke upesi chini ya macho yake, na ndiyo maana anapaka. Usibishane. Mwonyeshe kukunja nepi iishie chini ya kitovu. Kitovu kinapata hewa na mkojo haukifikii, ambavyo ndivyo unavyotaka wewe. Na hakiwezi kuangukia kule, ambavyo ndivyo anavyotaka yeye. Sijawahi kuona bibi akikataa nepi hiyo.

### Dang'a, tahniki na asali

Yale maziwa ya njano ya kwanza watu huyaita machafu kwa rangi yake. Kwa wafugaji nauliza: "Ndama aliyekosa maziwa ya kwanza anakuwaje?" Jibu wanalo wao. Mtoto anyonye ndani ya saa moja.

Tahniki, kumgusisha mtoto tende kwenye kaakaa, ni sunna, na familia ya Kiislamu haitaiacha kwa sababu ya bango la ukutani. Mwongozo wa kitabibu unasema maziwa ya mama tu kwa miezi 6. Makubaliano ninayofikia nao ni haya: titi kwanza, kisha mtu mwenye afya, mikono imeoshwa kwa sabuni, anapaka alama tu ya tende iliyolainishwa kwa maziwa ya mama. Baada ya hapo hakuna kingine. Asali hapana, mpaka mtoto afikishe mwaka, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu. Hapo sipungui hata tone.

### Kifafa cha mimba

Mjamzito akianza kutetemeka na kupinda macho, wengine huona degedege au pepo. Usipoteze muda kukanusha pepo. Sema: "Kisomo kisomwe, ndani ya gari." Akipewa magneziamu salfeti, dawa ya kuzuia kifafa hicho, mapema anaweza kupona, akicheleweshwa, anaweza kufa. Dalili za kabla ya hapo, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu na tumbo la juu kuuma, zifundishe kwa mama mkwe kwa jina la maumivu, siyo la ugonjwa.

*Umefaulu ukiona:* mama anaweza kujibu swali hili, "Ukifika nyumbani utamwelezaje mama mkwe?", kwa maneno yake. Akikurudishia maneno yako mwenyewe kama kasuku, bado.

## Hatua ya 6: Andika mpango

Ukurasa mmoja, ubandikwe kwenye kadi, uandikwe kabla ya wiki ya 36. Uwe na:

1. Lugha yake na jina la msindikizaji.
2. Mwamuzi, mwenye nauli, 115.
3. Mkao anaoutaka.
4. Anachokubali na asichokubali. Kwa Shahidi wa Yehova, ambaye kwa kawaida hakubali kuongezewa damu, suala hilo lizungumzwe mapema akiwa peke yake, kadi yake ionekane, na damu yake ipandishwe kwa vidonge miezi mingi kabla.
5. Anataka mhudumu mwanamke? Andika ahadi unayoweza kuitimiza tu. Kama zamu ya usiku ina daktari mwanamume mmoja, mwambie sasa.
6. Kondo la nyuma: lichimbiwe kituoni au wapewe?
7. Yale mawili matatu ya kikapu cha tatu na makubaliano yake.

Kifungu cha 7 kisiandikwe kwa lugha ya kumshitaki. "Ameahidi kusema akinywa dawa" inatosha.

## Hatua ya 7: Chumba cha kujifungulia

Tandika mkeka. Wapo wanaokuja wakikuta kitanda cha chuma chenye vyuma vya miguu wanakumbuka machinjio. Akipiga magoti juu ya mkeka, wewe chuchumaa naye. Magoti yatauma, utazoea.

Msindikizaji aingie. Kama ni mkunga wa jadi aliyemleta, mpe kazi: kumkanda mgongo, kumpa maji, kumtia moyo kwa lugha yake. Kazi ya kupokea mtoto ni yako, na asipike dawa. Mkunga wa jadi aliyepewa heshima hiyo mara moja atakuletea wengine.

Usipime uchungu kwa kelele. Wengine hufundishwa kwamba kulia ni aibu kwa ukoo, wakanyamaza mpaka mlango wa kizazi umefunguka sentimita 10. Wengine huita mama yao tangu sentimita 3. Weka mkono tumboni, hesabu, jaza patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu.

Yasiyo na majadiliano yaambiwe mapema: sindano ya oksitosini uniti 10 ya kuzuia kutokwa damu nyingi mtoto akishatoka, kondo kukaguliwa, mtoto kukaushwa na kulazwa kifuani. Kumwogesha kusubiri saa 24. Bibi akidai mtoto ananuka, mfunike kwa kanga mpya. Kanga mpya hutuliza mengi.

Kondo. Waluo huliita biero na huzikwa nyumbani. Kwao ndilo linalomfunga mtu na boma lake. Kama utaratibu wa kituo unaruhusu, litiwe kwenye mifuko miwili isiyovuja, wabebe kwa glavu, wazike kina kirefu mbali na kisima, mbwa wasifukue. Kama hauruhusu, waambie kliniki, wasije kujua pale mlangoni.

Aliyekeketwa na kushonwa. Baada ya kujifungua shona kingo kuzuia damu, basi. Kurudisha alivyokuwa ni kumkeketa upya, hata kama mume anaomba.

Mtoto akifa. Msiseme kwa sauti ya ukumbini. Uliza kama mama anataka kumwona, usimlazimishe wala usimkatalie. Afungwe kwenye kanga safi, apewe yule ambaye ukoo unampa kazi hiyo, na kama ni Waislamu wape nafasi ya kuosha na kuzika mapema. Nimeona kichanga kikikabidhiwa ndani ya ndoo. Familia ile haikurudi kwa mimba nyingine yoyote.

## Hatua ya 8: Siku arobaini

Mila nyingi humfungia mzazi ndani: Waswahili arobaini, Wasomali nao arobaini mpaka sherehe ya afartanbax. Ratiba ya ukaguzi inamtaka saa 24 za kwanza, siku ya 2 au 3, kati ya siku ya 7 na 14, na wiki ya 6. Msigombane. Mhudumu wa afya wa jamii aende nyumbani siku za kati, na ya wiki ya 6 inaangukia karibu na kutoka nje, siku ya 42. Ifanyeni sehemu ya sherehe.

Kukanda: maji ya kuvumilika kwenye kiwiko cha anayekanda, na aliyefanyiwa upasuaji tumbo lisiguswe. Kanga ya tumbo isibane pumzi. Jiko la mkaa lisiwe ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi usioonekana unaua mama na mtoto usingizini. Mwonyeshe anayekanda jambo moja la kutazama: pedi au kitambaa kujaa damu chini ya saa moja ni 115, hata kama ni siku ya 20.

Na liko la kubemenda. Wengi huamini wazazi wakikutana kimwili mama akiwa ananyonyesha, hasa wakitoka nje ya ndoa, mtoto hudhoofu. Mtoto akipungua uzito, mama hamleti, kwa sababu mizani itatangaza ndoa yake. Usitamke neno hilo hata kwa utani. Sema "tunapima wote", tafuta malaria, kuhara na unyonyeshaji, na uzazi wa mpango uongelee mbali na mizani.

## Ukikwama

"Mama mkwe kakataa kuingia kliniki." Mfuate kwenye benchi. Kaa chini kuliko alivyokaa yeye.

"Hakuna mkalimani kabisa." Tafuta mwanamke aliyejifungulia kituoni kwako mwaka jana, wa lugha hiyo, aape kutunza siri. Tumia siku moja ya wiki kwa kina mama wa lugha hiyo.

"Alikubali yote, akajifungulia nyumbani." Usimfokee akija na mtoto. Mpokee, kagua, kisha uliza: "Ilikuwaje siku ile?" Nusu ya majibu huwa hayana mila ndani yake: gari halikupatikana, hakuwa na glavu za kununua, kuna nesi aliyemtukana mara ya mwisho. Hayo yaandike kwenye ukurasa ule wa hatua ya 1.

"Wenzangu wa zamu hawafuati." Soma daftari la mila dakika tano kila Jumatatu wakati wa kukabidhiana zamu, ukurasa mmoja tu. Kila miezi mitatu futeni ambayo hamjayasikia tena.